Modbus, CANopen, BACnet au LON: kifaa ulichounda mwenyewe kiseme lugha ipi?

Bodi iko mezani. Inapima kina cha maji ya tangi, joto la mota na umeme unaovutwa na pampu. Inahesabu saa ambazo pampu imefanya kazi. Na ukiiamuru, inawasha au inazima. Imechomekwa kwenye kompyuta yako na kila kitu kinakwenda sawa. Iliyobaki ni kuiingiza kwenye mtandao wa udhibiti pamoja na vifaa vingine ishirini, ili mtu asiyekujua aweze kuisoma na kuiamuru bila kukupigia simu.

Hapo watu huanza kubishana kuhusu kasi, urefu wa waya na bei ya vipuri. Mambo hayo yana uzito wake, nami nitayagusa. Lakini swali ninaloanza nalo mimi ni jingine: namba ikishatoka kwenye kifaa, maana yake inakaa wapi? Kifaa kimetuma 253. Je, ni nyuzi 25.3? Ni sentimita 253? Ni kosa namba 253? Kila moja ya itifaki hizi nne, yaani lugha za mtandao, imejibu swali hilo kwa namna yake, na raha au taabu utakayoipata baadaye itatokana zaidi na jibu hilo kuliko kasi ya waya.

| | Maana ya namba iko wapi | Nani anaanza kusema | Ninaichagua lini |
|---|---|---|---|
| Modbus RTU | Kwenye karatasi yako | Mwulizaji peke yake | Vifaa vichache, mfumo mmoja unaovisoma |
| CANopen | Kwenye kamusi iliyo ndani ya kifaa | Yeyote, kwa kipaumbele | Mashine, matukio ya haraka |
| BACnet MS/TP | Kwenye vitu vya kiwango | Mwenye zamu | Majengo, programu za watu wengine |
| LON | Kwenye aina ya data yenyewe | Yeyote | Mtandao wa LON ambao tayari upo |

Modbus: maana iko kwenye karatasi

Modicon waliitoa Modbus mwaka 1979 kwa ajili ya vidhibiti vyao vya viwandani, na umri wake unaonekana. Inajua vitu viwili tu: biti, na rejista za biti 16. Haina jina la kipimo wala kizio, na haijui kama namba inaweza kuwa hasi. Unaamua mwenyewe kwamba rejista 0 ni kina kwa sentimita, rejista 1 ni joto mara kumi, rejista 2 ni mkondo wa umeme, kisha unayaandika hayo kwenye ramani ya rejista. Karatasi hiyo ndiyo kiolesura chenyewe. Ikipotea, kimebaki kifaa kinachotoa namba tupu.

Faida yake ni kwamba unaweza kuiandika mchana mmoja. Fremu, yaani ujumbe mmoja, ya RTU (Modbus ya kwenye waya wa mfululizo) ni baiti moja ya anwani, baiti moja ya namba ya kazi, data, na baiti mbili za CRC, namba ya kukagua kama ujumbe umefika mzima. Kwa bodi yetu kazi nne zinatosha: 03 na 04 za kusoma, 06 na 16 za kuandika. Ziko maktaba huria, yaani programu zilizokwisha andikwa na zilizo wazi kwa wote, kama FreeMODBUS kwa upande wa kifaa na libmodbus kwa upande wa kompyuta, ingawa hata bila maktaba kodi yake (maandishi ya programu) si ndefu.

Mitego yake nayo inajulikana, na bado kila mtu huingia. Wa kwanza ni ule wa 40001: kwenye vitabu vya maelekezo rejista ya kwanza huitwa 40001, kwenye waya anwani yake ni 0. Ukiona joto linaonekana mahali pa kina, usitafute hitilafu ya sensa. Umekosea kwa moja.

Wa pili ni namba za biti 32. Modbus haikusema rejista ipi itangulie. Chukua nyuzi 25.0 kama namba ya desimali ya biti 32: ikiandikwa kwa msingi wa 16 ni 41C8 0000. Mwulizaji akizipokea rejista hizo mbili kwa mpangilio wa kinyume, anapata 0000 41C8, ambayo ni namba ndogo mno, na skrini itaonyesha 0.00. Hakuna kosa litakaloripotiwa, maana CRC ni sahihi. Kwa sababu hiyo mimi hukwepa desimali kabisa na kutuma namba kamili iliyozidishwa kwa kumi au mia. Kihesabu cha saa hakikwepeki, basi lazimisha rejista zake mbili zisomwe kwa ombi moja. Mtu akizisoma kwa maombi mawili, na katikati yake kihesabu kikatoka 65535 kwenda 65536, ataiona sehemu ya juu ya zamani na sehemu ya chini mpya, yaani sifuri. Pampu iliyofanya kazi miaka itaonekana imetoka dukani leo.

Wa tatu ulinila siku mbili mimi mwenyewe. Kwenye RS-485, waya mmoja ambao vifaa vyote vinaushiriki, bodi lazima ifungue kisambazaji inapojibu na kukifunga ikimaliza. Nilikuwa nakifunga pale kidhibiti kidogo kiliposema bafa ya kutuma (hifadhi ya muda ya baiti) ni tupu. Bafa tupu haimaanishi baiti ya mwisho imeshatoka kwenye waya. Baiti ya pili ya CRC ilikuwa inakatwa mkia, na kwa kuwa ukataji ulitegemea joto la kisanduku na bahati, kifaa kilifanya kazi vizuri mezani na kugoma kilipofungwa mahali pake. Subiri alama ya kumalizika kutuma, ile ambayo kwenye vidhibiti vya STM32 huitwa TC, si TXE ya bafa tupu. Somo hilo linaihusu BACnet MS/TP pia, kwa sababu waya ni uleule.

Kasi? Piga hesabu kabla hujaahidi. Kwa kasi ya biti 9600 kwa sekunde, herufi moja ya biti 11 inachukua takriban milisekunde 1.15. Kusoma rejista kumi ni baiti 8 za kwenda na 25 za kurudi, jumla 33, yaani kama milisekunde 38. Ongeza ukimya wa herufi 3.5 kila upande na unafika karibu 46. Vifaa ishirini: karibu sekunde nzima, kabla ya kuhesabu muda ambao kila kifaa kinafikiria. Sasa kifaa kimoja kife, na mwulizaji amewekewa kungoja sekunde moja na kujaribu mara tatu: mzunguko wote umeongezeka sekunde tatu. Kwa tangi la maji si neno. Kwa mkono wa mashine ni balaa.

Kosa nalo linarudi likiwa limebana maneno. Msimbo 01, kazi hii siijui. 02, anwani haipo. 03, thamani haikubaliki. Ziko namba za kazi zilizoachwa kwa matumizi yako, 65 hadi 72 na 100 hadi 110, na kishawishi cha kuzitumia ni kikubwa. Ziache. Ukishazitumia, programu za kawaida za kusoma Modbus hazitakielewa kifaa chako, na faida pekee ya Modbus, yaani kueleweka kila mahali, umeitupa.

CANopen: kifaa kinabeba kamusi yake

CAN yenyewe, njia ya waya inayobeba CANopen, ilitoka Bosch, ikatangazwa mwaka 1986 kwa ajili ya magari. Fremu ya kawaida inabeba baiti 8 tu. CANopen, inayosimamiwa na shirika la CAN in Automation, iliongeza juu yake kitu kilichokosekana: kamusi ya vitu. Kila thamani ndani ya kifaa ina faharasa ya biti 16 na faharasa ndogo ya biti 8, ina aina, na ina ruhusa ya kusoma au kuandika. Eneo la 0x2000 hadi 0x5FFF (0x ni alama ya namba za msingi wa 16) ni la mtengenezaji, yaani lako. Kina cha maji kinakaa 0x2100 faharasa ndogo 1, joto faharasa ndogo 2, na kadhalika. Maelezo yote yanaandikwa kwenye faili la EDS, ambalo programu za kusanidi zinalisoma zenyewe.

Ukiandika mahali pa kusoma tu, kifaa kinakujibu 0x06010002. Ukiuliza kitu kisichopo, 0x06020000. Ukivuka kiwango, 0x06090030. Linganisha na ile 02 ya Modbus, utaona kwa nini fundi aliyezoea CANopen hutafuta hitilafu akiwa ameketi.

Utamu wenyewe uko kwenye njia mbili za kuongea. SDO ni maswali na majibu ya taratibu, kwa ajili ya mipangilio. PDO ni thamani zenyewe, zinazotumwa bila kuulizwa, bila kichwa wala mkia, baiti nane za data safi. Pampu ikizimika kwa kuzidiwa, habari inatoka papo hapo. Na nodi (vifaa vya mtandao) mbili zikianza kusema kwa pamoja, yenye kitambulisho kidogo inaendelea na nyingine inanyamaza, bila fremu kuharibika. Kwa kasi ya kilobiti 125 kwa sekunde, fremu iliyojaa haizidi sana milisekunde moja. Hapa Modbus haina la kusema.

Bei yake ni ugumu wa kuanza. Kifaa kikiwaka kinaingia hali ya matayarisho, na PDO hazitoki mpaka kiamriwe kuingia hali ya kazi. Nimewaona watu wazima wakibadilisha waya mzuri kwa sababu hiyo. Kubadilisha kilichomo ndani ya PDO nako kuna itifaki yake kama ya kuingia msikitini: zima PDO kwa biti ya 31, andika sifuri kwenye idadi ya vitu, andika vitu vyenyewe, rudisha idadi, washa. Kitu kimoja kinaandikwa 0x21000110, maana yake faharasa 2100, ndogo 01, biti 16. Ukiruka hatua, kifaa kinakataa. Na ukitaka mipangilio ikumbukwe, unaandika 0x65766173 kwenye 0x1010. Zisome baiti zake kwa mpangilio wa CAN na utaona herufi za neno "save". Wahandisi nao hucheza.

Usisahau muda wa kuzuia, yaani muda mfupi kabisa unaoruhusiwa kati ya PDO moja na inayofuata. Ukiweka PDO itoke kila thamani inapobadilika, na sensa ya kina ina mtetemo wa biti moja ya mwisho, bodi yako itaujaza mtandao mzima kwa habari za mawimbi ya maji. Muda huo unawekwa kwa vipande vya mikrosekunde 100, kwa hiyo 1000 ni sehemu moja ya kumi ya sekunde. Anzia hapo.

Urefu wa waya ni kikomo halisi: mita 40 kwa megabiti moja, kama mita 500 kwa kilobiti 125. RS-485 inafika mita 1200. Kwa mashine moja CAN inatosha na kubaki. Kwa jengo la ghorofa nyingi, fikiria tena. Kama huna nia ya kuandika kila kitu, CANopenNode ni maktaba huria iliyokomaa.

BACnet: unakubali majina ya wengine

BACnet ni kazi ya ASHRAE, chama cha wahandisi wa joto na ubaridi cha Marekani, nayo ikawa kiwango rasmi mwaka 1995. Hapa hubuni rejista wala kamusi. Kuna aina za vitu zilizokwisha kubuniwa: ingizo la analogia, toleo la jozi (la kuwasha au kuzima), thamani ya analogia. Kina cha maji ni ingizo la analogia namba 1. Kina jina, maelezo, thamani ya sasa, na kizio. Joto kizio chake ni 62, na 62 ni nyuzi za Selsiasi kwa kila mtu anayesema BACnet. Programu ya usimamizi wa jengo inapiga mbiu "nani yupo?", kifaa chako kinajibu "mimi nipo", inasoma orodha ya vitu vyako, na kwenye skrini yanaonekana majina uliyoandika wewe. Karatasi haikuhitajika.

Kwa mtu anayeuza kifaa kwa watu asiowajua, hili linashinda mengine yote. Ukihitaji kitambulisho cha mtengenezaji, ASHRAE huwapa waombaji bila malipo.

Kinachowashinda wengi ni orodha ya vipaumbele. Toleo la kuwasha pampu halina thamani moja. Lina nafasi 16. Mwendeshaji anayeandika kwa mkono anatumia ya 8, ratiba huandika chini yake, mambo ya usalama wa maisha huwa juu kabisa. Inayoshinda ni ya juu kuliko zote zilizojazwa, yaani yenye namba ndogo. Mwendeshaji akiwasha pampu kwa nafasi ya 8 kisha akaenda nyumbani, ratiba itaandika "zima" kwenye nafasi ya 16 mpaka ichoke, pampu haisikii. Hajakosea kuandika, amekosea kutoachia: lazima aandike thamani tupu kwenye nafasi ya 8. Ukiandika kodi ya kifaa mwenyewe, orodha hii usiirahisishe kwa kuweka thamani moja na kusingizia kwamba unazo kumi na sita. Itakurudia.

MS/TP, yaani BACnet juu ya RS-485, inatumia zamu inayopokezanwa. Kila mwenye zamu anasema, kisha anampa anayefuata. Ukiziachia anwani mapengo, vifaa vinapoteza muda kumtafuta asiyekuwepo, kwa hiyo panga anwani mfululizo na ushushe kikomo cha juu kabisa cha anwani kilingane na vifaa ulivyonavyo. Kuiandika mwenyewe kutoka sifuri sishauri. Ratiba ya muda ni kali kuliko ya Modbus, na kifaa kimoja kinachochelewa kupokeza zamu huwaumiza wote waliomo kwenye waya. Maktaba huria ya bacnet-stack ipo, itumie.

LON: aina ya data ndiyo mkataba

LON naitaja kwa heshima zaidi kuliko kwa kuipendekeza. Echelon, kampuni iliyoanzishwa mwaka 1988, ilibuni chipu ya Neuron yenye prosesa tatu ndani yake, na lugha yake, Neuron C. Ni C yenye vigezo vya mtandao ndani ya lugha yenyewe:

```
network input  SNVT_switch  nviPampu;
network output SNVT_temp_p  nvoJoto;
IO_0 output bit ioPampu;

when (nv_update_occurs(nviPampu)) {
    io_out(ioPampu, nviPampu.state);
}
```

Hakuna fremu, hakuna CRC, hakuna anwani. SNVT_temp_p inajulikana kuwa ni joto kwa sehemu za mia za nyuzi, na kigezo cha aina hiyo kinaungwa na kigezo cha aina hiyohiyo kwenye kifaa kingine. Kwa uzuri wa kuandika, sijaona kiolesura kilichoizidi. Lakini unafungwa na chipu au maktaba yake, na zana za kuunganisha vigezo, na soko lililosinyaa. Jengo lenye LON tayari likikuomba kifaa kimoja zaidi, kiandike kwa LON na ufurahi. Mradi mpya, hapana.

Waya ukikatika pampu ikiwa inazunguka

Jedwali la juu halina safu hii, nayo ndiyo ningeitazama kwanza kabla ya kasi. Amri ya mwisho ilikuwa "washa", kisha mtandao ukafa. Tangi linajaa.

Modbus haina jibu lolote. Kifaa hakijui kama mwulizaji amekufa au amekaa kimya tu. Unaweka kipima muda mwenyewe: sekunde kumi bila ombi halali lenye anwani yangu, zima. Uwekee na rejista yake ili msimamizi aweze kuubadilisha.

CANopen imelifikiria. Kifaa chako kinasikiliza mapigo ya moyo ya msimamizi (ujumbe wa kila mara wa "niko hai") kupitia 0x1016, na 0x1029 inaamua kifaa kiende hali gani yakikosekana. Ila kumbuka kwamba kubadili hali ya mtandao si kuzima pampu. Kodi yako lazima iunganishe mambo hayo mawili.

BACnet ndiyo inayoshangaza watu. Amri iliyoandikwa kwenye orodha ya vipaumbele inakaa pale mpaka iachiwe, hata msimamizi akizimwa mwaka mzima. Ulinzi wa tangi kujaa lazima ukae ndani ya kifaa, na uandike wenyewe kwenye nafasi ya juu ya orodha. LON ina kigezo cha muda wa mapokezi, SCPTmaxRcvTime: sasisho lisipofika ndani ya muda huo, unarudisha thamani ya usalama. Kukiweka kigezo hicho, hata hivyo, ni hiari yako.

Kuepuka kuchagua milele

Kodi ya bodi yangu ya sasa haijui itifaki yoyote. Ina jedwali moja la vigezo: jina, aina, kizio, kizidishio, kiwango cha chini na cha juu, ruhusa, na kazi ya kusoma au kuandika. Juu yake kuna tabaka jembamba la Modbus linalotafsiri rejista kuwa safu za jedwali hilo. Mteja alipotaka BACnet, nilibadilisha tabaka la juu na sensa hazikuguswa; kizio kilikuwa tayari kwenye jedwali, ingawa Modbus haikuwahi kukiomba. Ramani ya rejista nayo huitoa kwa programu fupi inayosoma jedwali lilelile, basi karatasi na kodi haziwezi kupishana.

Ukianza na Modbus kwa namna hiyo, kuanza na Modbus si kosa. Tenga tu rejista ya kwanza kwa namba ya toleo la ramani, na ya pili kwa thamani isiyobadilika, mfano 0x1234. Fundi akiisoma na kuona 0x3412, anajua mara moja kwamba programu yake inageuza baiti. Akiona thamani ya rejista ya jirani, anajua amekosea kwa moja, na hajapanda hata ngazi ya tangi.